Kifuko cha Uzi Shingoni mwa Kitinda

Mama Sindano alikuwa na kazi moja, na aliijua vizuri: kufunga midomo ya magunia. Gunia likijaa nafaka, wanaume wawili walilisimamisha mbele yake. Yeye alishika masikio mawili ya gunia, akayakunja, kisha akapitisha sindano ndefu yenye kamba ya katani. Mishono kumi na miwili, fundo mara mbili, kata. Haya, linalofuata. Gunia alilolifunga yeye liliweza kutupwa kutoka juu ya lori na lisimwage hata punje moja. Wapakiaji walimtania kwamba akimshona mtu mdomo, mtu huyo itabidi ale kwa masikio.

Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika ghala lile lile. Kwa kamba hiyo hiyo alilea watoto watatu baada ya baba yao kufariki. Wawili wakubwa walikwenda kuishi mbali. Nyumbani alibaki na wa mwisho, binti wa miaka ishirini. Mtaa mzima ulimwita Kitinda, kwa sababu ndiye kitinda mimba.

Kitinda alifanya kazi katika duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala. Duka lilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumbani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mdomo wake pia. Watu walileta barua za kuomba kazi zimejaa makosa, yeye anazinyoosha huku akiwatania. "Shangazi, hapa umeandika kwamba wewe ni mvivu na mwaminifu. Tuache yote mawili au tufute moja?" Wateja walimpenda. Wengine walisubiri zamu yake hata kama mwenye duka alikuwa amekaa tu.

Na Kitinda alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Alimeza dawa asubuhi na jioni. Dawa zilipunguza kuanguka, lakini hazikukomesha kabisa. Mara moja katika mwezi, au katika miezi miwili, alikakamaa, akaanguka, akatetemeka mwili mzima, kisha akalala kama mtu aliyechoka sana. Akizinduka hakujua yuko wapi.

Akianguka nyumbani, angalau Mama alikuwepo. Hofu yake kubwa ilikuwa ile njia ya dakika ishirini. Akianguka pale, nani atajua ni mtoto wa nani?

Mama aliandika namba yake ya simu kwenye karatasi. Chini yake akaandika: huyu ana kifafa. Karatasi ya kwanza aliitia mfukoni mwa gauni la Kitinda. Gauni likafuliwa, karatasi ikawa uji. Ya pili aliitia kwenye mkoba. Siku Kitinda alipoanguka kituoni, mkoba ulikwenda na mtu asiyejulikana, na karatasi ikaenda nao.

Hapo ndipo Mama alipopata wazo la kifuko cha kuning'iniza shingoni. Wazo lilikuwa zuri, na tusimcheke. Alikata kipande safi cha kitambaa cha gunia, kidogo kama kiberiti. Akakunja, akashona pande, akatia karatasi ndani. Ukabaki mdomo. Na hapo mkono ukafanya ulichozoea miaka kumi na tisa. Mishono, fundo mara mbili, kata. Akaufunga. Kisha akasokota kamba ya katani, akaivuta kwa mguu na mkono kuijaribu. Haikukatika.

"Mama," Kitinda alisema alipokiona, "umenifungasha. Sasa nipakie kwenye lori."

"Vaa."

"Kinawasha."

"Vaa, mwanangu, roho yangu itulie."

Akakivaa.

Siku ya Jumanne, saa sita mchana, Kitinda alitoka dukani kwenda kununua chakula. Alipofika kwenye mtaro wenye ukingo wa vyuma, akaanguka. Alipokuwa akianguka, kamba ya shingoni ilinasa kwenye ncha ya chuma. Mwili ulikwenda chini, kamba ikabaki juu. Mwili ulitetemeka, na kila ulipotetemeka kamba ilizidi kukaza.

Mama aliitwa na mwenye duka baada ya saa mbili nzima, alipotoka kumtafuta Kitinda. Alikimbia kutoka ghalani na sindano ikiwa bado mkononi. Alikuta watu wengi wamesimama kwa duara, na duara lilikuwa pana. Katikati alilala mwanawe, juani, peke yake.

"Usimguse, mama!" mtu mmoja alimpigia kelele. "Huyo ana mambo. Alikuwa na hirizi shingoni."

Mama hakumsikia. Alipiga magoti. Uso wa Kitinda ulikuwa umevimba. Shingoni palikuwa na alama nyekundu pande zote, na mahali pengine damu. Jino la mbele lilikuwa limevunjika, kwa sababu mtu fulani alimshindilia kijiko mdomoni akidhani anamsaidia.

Aliyekata kamba alikuwa kinyozi wa jirani. Alikuwa bado amesimama pale, wembe mkononi.

"Niliona uso unageuka rangi," alisema. "Nikasema liwalo na liwe, nikakata kwa wembe. Ilikuwa ngumu kama waya. Kile kifuko nilikitupa mtaroni. Nisamehe."

"Kwa nini hamkukifungua?" Mama aliuliza. "Namba yangu ya simu ilikuwa ndani!"

"Mama yangu, kimeshonwa pande zote. Kimezibwa! Nani afungue kitu kama kile? Sote tulidhani ni uchawi."

Mama aliangalia sindano mkononi mwake. Alielewa pale pale, na kuelewa huko kulimkata maini. Watu walikaa mbali na mtoto wake kwa sababu ya kifuko chake. Kamba aliyoisokota kwa mapenzi ndiyo iliyotaka kumnyonga. Hakuna adui aliyefanya hivyo. Ni yeye.

Hospitali walimtibu Kitinda, wakamruhusu. Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyetoka. Alifunga mtandio shingoni hata kwenye joto. Akizungumza alifunika mdomo kwa kiganja. Baada ya siku chache akaacha kuzungumza, ikawa ni ndiyo na hapana tu.

Mama naye alikata shauri. "Dukani huendi tena. Utakwenda na mimi ghalani."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Nikuone."

Basi kila asubuhi walitoka wawili, Mama mbele, Kitinda nyuma. Ghalani, Kitinda aliketi juu ya rundo la magunia matupu. Vumbi la nafaka lilimwingia puani, akakohoa kutwa. Mama alishona huku shingo imemgeukia. Kila mishono mitatu, anageuka. Alishona ovyo, alichelewa, na magunia yakaanza kurundikana mbele yake. Hakulala vizuri. Hakula vizuri. Alikuwa amekonda, na hakuna aliyethubutu kumtania tena.

Wiki ya tatu, msimamizi wa ghala alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kazi.

"Mama Sindano, nakuheshimu. Lakini ghala si mahali pa mgonjwa. Akiangukia kwenye mizani au chini ya gunia, nitajibu nini?"

"Nimpeleke wapi, bwana?"

"Hilo mimi silijui. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Mama alirudi kwenye magunia akiwaza. Akimwacha nyumbani, ataanguka peke yake, labda motoni. Akimwacha aende kazini, mtaro ule ule unamsubiri. Akikaa naye, kazi imekwenda. Kila upande alioutazama palikuwa na ukuta.

Jumapili moja aligeuza godoro la Kitinda ili alianike. Chini yake alikuta vidonge. Alivihesabu, vilikuwa kumi na kimoja. Vingine vilikuwa na alama ya mate, vimetemwa. Mama alikaa chini sakafuni akavishika mkononi.

"Kitinda. Hivi ni nini?"

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni. "Dawa."

"Mbona ziko hapa?"

"Nimechoka, Mama. Nimeze ili iwe nini? Ili nikae vizuri juu ya magunia?" Sauti yake haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Mama. "Ungeniacha tu pale mtaroni. Ungepumzika. Na mimi ningepumzika."

Mama alitaka kumkemea, akashindwa. Alilia. Kitinda alimtazama tu, kama anayetazama mvua ya nyumba ya jirani. Walikaa hivyo, mmoja sakafuni, mmoja mlangoni, na hakuna aliyejua la kufanya.

Ndipo mtu akabisha hodi.

Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke mnene mwenye sauti nzito. Wote walimwita Dada Daftari, kwa sababu hakwenda popote bila daftari lake kubwa. Siku hiyo alilishika kwapani, na begani alikuwa na mkoba wa uzi.

"Hodi, hodi! Karibuni niingie," alisema, na akaingia. "Kitinda, jina lako limenikalia vibaya humu daftarini. Siku yako ya kuchukua dawa imepita wiki nzima. Nikasema, ama ameolewa kimya kimya, ama kuna jambo."

Kisha akaona vidonge mkononi mwa Mama. Alivuta kigoda akaketi.

"Kumbe kuna jambo," alisema. "Nielezeni. Sina haraka."

Alitoa uzi na sindano mkobani, akaanza kufuma kitu huku akisikiliza. Ndivyo alivyozoea, kwani kliniki foleni ni ndefu na mikono yake haikupenda kukaa bure. Mama alieleza yote. Alieleza kifuko, kamba, kijiko, hata yale maneno ya Kitinda ya mlangoni. Alipofika kwenye mishono ya mdomo, alionyesha viganja vyake. "Ni mimi, Dada. Ni mikono hii hii."

Dada Daftari hakucheka wala hakulaumu.

"Kwanza dawa," alisema. "Kitinda, ukiacha dawa ghafla, kifafa kinarudi na nguvu kuliko mwanzo. Mtu anaweza kuanguka mfululizo asizinduke. Umesikia? Hasira zako zina haki, lakini usizimalizie kwenye vidonge. Kesho tutakwenda wote kliniki, na daktari aambiwe ukweli wa siku ulizoruka. Yeye ndiye atasema uendelee vipi."

Kitinda aliinamisha kichwa.

"Na hayo uliyosema, kwamba ungeachwa pale mtaroni. Hayo nayo utamwambia daktari. Wengi wenye kifafa hufika hapo, na yana msaada wake. Usikae nayo peke yako."

Kitinda alikubali kwa kichwa, taratibu.

"Pili, mama yake. Mtoto akianguka, wewe hufanya nini?"

"Namshika kwa nguvu asitetemeke. Namkandamiza miguu."

"Usimkandamize. Unaweza kumvunja kiungo. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mtie kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo ya shingoni. Mlaze ubavu ili mate yatoke. Mdomoni usitie kitu chochote, si kijiko, si kidole, si maji. Angalia saa. Mara nyingi mtetemeko huisha wenyewe baada ya dakika chache. Ukifika dakika tano haujaisha, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitali."

"Na lile povu? Watu wanasema linaambukiza."

"Ni mate tu. Kifafa hakiambukizi. Si pepo, si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ni ugonjwa wa kifua."

Mama alifuta macho. "Haya nayajua sasa mimi. Wa barabarani je? Nitamfundisha kila mpita njia?"

"Ndiyo," Dada Daftari alijibu. "Kwa kifuko."

Mama alishtuka kana kwamba amemwagiwa maji. "Sitaki kusikia habari ya kifuko ndani ya nyumba hii!"

"Wazo lako lilikuwa sahihi, dada yangu. Umekosea mahali pawili tu. Umeziba mdomo na kuficha maandishi, watu wakaogopa. Na umetia kamba isiyokatika. Tazama hiki."

Akanyanyua alichokuwa akifuma. Kilikuwa kifuko kidogo cha uzi wa pamba wa rangi ya chungwa. Hakikuwa kitambaa. Kilikuwa vitanzi vidogo vidogo vilivyoshikana, safu juu ya safu. Dada Daftari alitia ndani kitambulisho chake cha kazi. Kupitia matundu ya vitanzi, maandishi makubwa yalionekana wazi.

"Hiki hakuna wa kukiita hirizi," alisema. "Siri iko wapi? Kila mtu anaona kilichomo."

Mama alikishika, akakigeuza. Macho ya fundi hayalali hata mwenyewe akiwa na huzuni. "Umeanzaje?" aliuliza.

"Lete kipande cha boksi."

Walikata boksi, upana wake ukizidi kidogo ule wa kadi ya maandishi itakayokaa ndani. Dada Daftari alizungusha uzi mara moja juu ya boksi, karibu na ukingo, akaufunga. Kisha akatia uzi mwingine kwenye sindano, mrefu kama mikono miwili iliyonyooshwa.

"Huu uzi wa juu ndio mhimili. Pitisha sindano nyuma yake, kutoka juu kwenda chini. Usivute wote. Acha kitanzi kidogo, kisha toa sindano katikati ya kitanzi hicho. Sasa vuta polepole. Kimejishika, unaona? Kiwe na ukubwa wa punje ya dengu. Kingine pembeni yake. Zunguka boksi lote, mbele na nyuma. Ukirudi ulipoanzia, sindano haishiki tena mhimili, inaingia kwenye vitanzi vya safu ya juu. Hivyo hivyo, unazunguka unashuka."

"Miaka kumi na tisa nashika sindano," Mama alisema. "Hiki ni kitu cha kunifundisha mimi?"

"Haya, fundi. Nionyeshe."

Mama alianza. Alipitisha, akatoa, akavuta. Akavuta kweli kweli, kama anavyovuta kwenye gunia. Kitanzi kikawa fundo. Cha pili kikawa fundo. Safu nzima ikawa ngumu kama ukingo wa kikapu.

"Unakaza," Dada Daftari alisema.

"Sikazi."

"Unakaza, dada."

Mama alifumua, akaanza upya. Mara ya pili sindano haikupata hata pa kupita. Jasho lilimtoka. Mara ya tatu alitupa boksi sakafuni. "Siwezi! Mikono hii inajua kubana tu. Ndiyo iliyombana mwanangu. Niacheni!"

Kitinda aliliokota boksi, akalitazama.

"Hapa hata sisimizi akiingia," alisema, "itabidi avue nguo zake zote nje kwanza."

Ni maneno yake ya kwanza marefu baada ya wiki nyingi, ukiacha yale ya mlangoni. Mama alimtazama akiwa na machozi, akashindwa kujizuia, akacheka. Kitinda naye akacheka, kiganja mdomoni. Kicheko hakikudumu, lakini kilikuwepo.

"Jaribu hivi," Dada Daftari alisema. Alichukua penseli. "Kila kitanzi, kipitishe juu ya penseli hii. Vuta hadi kwenye penseli, basi. Mkono ukitaka kubana, penseli itaukatalia."

Mara ya nne vitanzi vilikubali. Havikulingana, vingine vikubwa, vingine vidogo, lakini vilishikana. Uzi ulipokaribia kuisha, Mama alifunga uzi mpya kwa fundo dogo upande wa ndani. Alishuka safu baada ya safu hadi mwisho wa boksi. Hapo alishika kitanzi cha mbele pamoja na cha nyuma, akavishona viwili viwili, chini pakazibika. Akautelezesha uzi wa mhimili hadi nje ya ukingo, akachomoa boksi. Mkononi mwake kikabaki kifuko chepesi, mdomo wazi.

Mkono ulikwenda wenyewe kuchukua sindano ili ufunge mdomo. Kitinda aliushika.

"Mama. Hapana."

"Na kadi ikidondoka?"

"Haidondoki," Dada Daftari alisema. "Pitisha kamba ya shingoni ndani ya vitanzi vya juu, pande zote. Kikining'inia, uzito wake unaubana mdomo kidogo. Anayetaka kufungua anaingiza kidole tu."

Kamba walisuka kwa nyuzi tatu za pamba. Dada Daftari hakuunganisha ncha zake mbili kwa fundo. Alizifunga pamoja kwa uzi mmoja mwembamba wa cherehani.

"Hapa nyuma ya shingo pawe dhaifu kwa makusudi," alisema. "Kikinasa, hapa pakatike."

"Kitu cha kuvaa kikatike? Hiyo si kazi ya ovyo?"

"Kwenye gunia, ndiyo. Shingoni, kamba isiyokatika ndiyo kazi ya ovyo. Na mtoto mdogo hafungwi kamba shingoni kabisa, hata dhaifu. Kila ukibadilisha uzi huu, jaribu."

Walijaribu kwenye msumari wa mlango. Mara ya kwanza Mama alifunga uzi mwenyewe. Dada Daftari akavuta, kamba haikukatika. Mama alikuwa amezungusha mara nne na kufunga fundo mara mbili bila kujijua. Alipoona hivyo alikumbuka mtaro. Kwa macho yake aliiona ile ncha ya chuma. Kisha akafumua, akafunga mara moja tu, fundo moja. Akavuta kwa vidole viwili. Uzi ukakatika kirahisi, kifuko kikaanguka sakafuni.

Wiki iliyofuata, baada ya kutoka kliniki, Kitinda aliandika kadi mwenyewe. Alikwenda dukani akisindikizwa na Mama, akaketi mbele ya kompyuta. Mama alitaka kadi ianze na "Tafadhali mwoneeni huruma mwanangu." Kitinda alikataa.

"Sitaki huruma, Mama. Nataka wanilaze ubavu."

Kadi ilisema hivi, kwa herufi nene nyekundu na nyeusi:

NINA KIFAFA. SIJALEWA. SIAMBUKIZI.
Nilaze ubavu. Nilegezee nguo shingoni.
Usinitie kitu mdomoni. Usinikandamize.
Angalia saa. Zikifika dakika tano, nipeleke hospitali.
Kaa nami mpaka nizinduke. Mpigie mama yangu.

Chini yake palikuwa na namba ya simu. Waliifunika kadi kwa plastiki ngumu, jasho na mvua visiiharibu, wakaikata pembe zisichome.

Sasa lilibaki jambo gumu kuliko vitanzi.

"Jumatatu naanza kazi," Kitinda alisema.

"Bado. Tungoje mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja nitakuwa nimeota mizizi juu ya magunia. Dawa nameza, umeniona. Kifuko ninacho. Kama bado huniachi nitoke, basi tumefuma nini?"

Mama alimwacha atoke, shingo upande. Jumatatu alisimama mlangoni akatazama mgongo wa mwanawe mpaka ulipopotea kwenye kona. Alijiona kama mtu aliyefanya jambo la kijinga ambalo halirudi nyuma.

Siku hiyo ghalani alishona vibaya kuliko siku zote za maisha yake. Gunia lake moja lilipasuka mdomo juu ya lori, nafaka ikamwagika kama maji. Wapakiaji walitazamana, wakafagia kimya kimya. Kila simu ilipolia, ya mtu yeyote, roho ilimruka. Ikawa hivyo Jumanne. Ikawa hivyo wiki nzima, na iliyofuata. Tusidanganyane, hofu ya mzazi haifumwi wala haikatwi. Mama aliamini kwa moyo wote kwamba atazikwa nayo.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, simu yake ililia. Namba ilikuwa ngeni.

"Haloo? Unaongea na mama mwenye binti aliyevaa kifuko cha rangi ya chungwa?"

Mama aliinuka, simu sikioni.

"Mama, uko hapo? Mimi ni muuza maziwa, niko karibu na daraja la waenda kwa miguu. Binti yako ameanguka hapa. Sikujua la kufanya, nikaona maandishi, nikasoma. Nimemlaza ubavu. Nimeangalia saa, ilikuwa dakika mbili na kidogo. Kamba imenasa kwenye baiskeli yangu ikakatika, lakini kifuko ninacho mkononi."

"Shingo yake!" Mama alipiga kelele. "Shingo yake ikoje?"

"Shingo? Haina kitu, mama. Amefumbua macho sasa. Tumemtandikia koti. Kulikuwa na mtu anataka kumtia ufunguo mdomoni, nikamsomea kadi, akauficha."

"Nakuja! Nakuja sasa hivi, usimwache!"

"Simwachi. Ngoja, anataka kusema."

Kulikuwa na mikwaruzo kwenye simu, kisha sauti ya Kitinda. Ilikuwa nzito na ya polepole, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama."

"Mwanangu! Umeumia wapi?"

"Goti tu. Mama... usije."

"Nini?"

"Usije. Nitapumzika hapa, huyu kaka yuko na mimi. Amempigia mwenye duka, anakuja kunichukua. Nikiwa sawa, nitaendelea na kazi. Nikiwa si sawa, nitakupigia mwenyewe. Tafadhali, Mama."

Simu ikakatika. Msimamizi wa ghala alikuwa amesimama karibu, na wapakiaji wameacha magunia.

"Kuna nini?" msimamizi aliuliza.

"Mwanangu ameanguka barabarani."

"Basi nenda! Unangoja nini? Nenda, mama!"

Mama Sindano alikuwa tayari amesimama. Miguu yake miwili ilikuwa imeuelekea mlango.

"Amesema nisiende," alijibu.

Akaketi. Akalia kwa sauti mbele ya ghala zima, mikono kichwani, kama mtu aliyefiwa. Lakini hakwenda.